Tathmini ya huduma ya kunyonya na kukagua tangi la maji taka, pamoja na unga wa bakteria niliokuwa nikiutumia kabla yake

Fundi alipoichomoa fimbo yake kutoka kwenye chumba cha kwanza cha tangi letu, taulo jeupe alilokuwa ameizungushia lilitoka na rangi mbili. Sehemu ya chini ilikuwa nyeusi tititi, inang'aa kama lami mbichi, na juu ya hapo weusi ulikatika ghafla ukaanza ukijivu hafifu wa maji. Aliilaza fimbo juu ya nyasi, akaweka futi kando yake, akasoma sentimita 62, akaandika kwenye karatasi. Kazi hiyo haikumchukua hata dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeishi katika nyumba hii miaka mitano, nimekwisha kulipia gari la kunyonya mara moja, nimekwisha kununua pakiti ishirini na kitu za unga wa bakteria, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amenionyesha tope limefika wapi.

Tangu siku ile umepita mwaka mmoja, nami nimeusubiri kwa makusudi, kwa kuwa huduma ya aina hii haiwezi kupimwa kwa harufu iliyoondoka wiki ile ile. Ninayoyatathmini hapa ni mambo matatu: kazi ya kampuni ya kwanza iliyoninyonyea tangi, unga niliouamini kwa miaka miwili, na kazi ya kampuni ya pili ambayo pamoja na kunyonya ilipima na kukagua. Kampuni sizitaji kwa majina. Ninachotaka msomaji akipate ni uwezo wa kuitambua kazi nzuri anapoiona ikifanyika mbele ya macho yake, kwa sababu katika jambo la choo wengi wetu tunaona haya kusimama na kuangalia, tunafunga madirisha hadi gari liondoke, na hapo ndipo tunapopunjwa. Mficha uchi hazai.

Niseme kwanza tangi lenyewe likoje, maana hesabu zitakazofuata zinalitegemea. Ni tangi la zege lenye vyumba viwili, urefu wa mita mbili, upana wa mita moja, na kina cha maji cha mita moja na nusu, yaani lita 3,000. Chumba cha kwanza, kinachopokea bomba kutoka nyumbani, kinachukua theluthi mbili. Chumba cha pili kinachukua theluthi iliyobaki, na kutoka hapo maji huelekea kwenye shimo la kufyonzea. Tuko watu sita. Ndani ya tangi vitu hujipanga vyenyewe: vizito huzama na kuwa tope, mafuta na vyepesi huelea na kufanya gamba, na katikati hubaki maji yaliyotulia ambayo ndiyo pekee yanayopaswa kutoka. Ili gamba lisitoke pamoja na maji hayo, mdomo wa kutokea hufungwa bomba lenye umbo la T, ambalo mafundi huliita tii, na mguu wake hushuka chini ya gamba ili uchote maji ya katikati tu.

Tangi zima halifanyi zaidi ya hayo. Linatuliza na kutenganisha, na bakteria wasiohitaji hewa wanaoishi humo humeng'enya sehemu ya tope. Maji yanayotoka bado ni machafu, na kinachomalizia kazi ni udongo wa kule kwenye shimo la kufyonzea. Udongo huo ndio wenye thamani kubwa kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu tangi lililojaa hunyonywa likapona kwa saa moja, lakini udongo ulioziba kwa mafuta na tope haunyonyeki. Mara nyingi dawa yake ni kuchimba mahali pengine, kama mahali pengine papo. Kila ninachokisifu au kukilaumu hapa chini ninakipima kwa swali hilo moja: kimeulinda udongo au kimeuhatarisha?

Kampuni ya kwanza niliiita mwishoni mwa mwaka wa tatu. Aliyepokea simu aliuliza njia ya kufika, basi. Gari lilipofika, wafanyakazi hawakufunua mifuniko mikubwa ya chemba. Waliuteremsha mpira kupitia bomba dogo la ukaguzi lenye upana wa sentimita kumi hivi, pampu ikanguruma, na baada ya dakika ishirini wakaniambia limekwisha. Niliridhika, na hata niliwashukuru kwa wepesi wao. Leo ninaelewa kilichotokea. Maji huja mbio kwenye mpira na tope zito hubaki chini likimsubiri atakayelikoroga, na kwa kupitia tundu dogo kama lile hakuna anayeweza kulikoroga wala kuona kilichobaki. Nililipia kuondolewa maji ambayo yangetoka yenyewe kwenda kwenye udongo, nikaachiwa kitu pekee ambacho kilihitaji gari.

Kosa lile halikuweza kuonekana kwa macho baadaye, na hapa ninaomba msomaji asipite haraka. Tangi la maji taka linalofanya kazi vizuri huwa limejaa wakati wote. Kila lita inayoingia husukuma lita moja nje, na kwa nyumba ya watu sita wanaotumia jumla ya lita 600 hivi kwa siku, tangi la lita 3,000 lililokaushwa kabisa hurudi kwenye usawa wa mdomo wa kutokea baada ya siku tano. Nimesikia watu wengi wakilalamika kwamba wamenyonyewa na baada ya wiki moja limejaa tena, na wengine wakajisifu kwamba lao halijajaa kwa miaka. Wote wawili wanaangalia kitu kisichosema lolote. Usawa wa maji hueleza mambo mawili tu: ukiwa juu ya mdomo wa kutokea, mbele kumeziba, ukiwa chini yake kwa siku nyingi huku nyumba inatumika, tangi linavuja. Tope haliwezi kujulikana ila kwa kuteremsha fimbo.

Baada ya mnyonyo ule ndipo nilipoanza kununua unga. Maelezo ya pakiti yalikuwa rahisi: mimina kwenye choo mara moja kwa mwezi, vuta maji, na tangi halitahitaji kunyonywa tena. Niliufuata mpango huo kwa uaminifu kwa miaka miwili, tarehe ya kwanza ya kila mwezi, na sikukosa hata mwezi mmoja. Harufu kwenye chemba ilipungua siku mbili tatu za mwanzo, au nilijiaminisha hivyo, kwa sababu unga wenyewe ulikuwa na manukato.

Tathmini yangu ya unga huo ni kwamba haunisaidii kitu, na sababu si kwamba bakteria hawafai bali ni kwamba tayari wapo. Kinyesi cha binadamu kinakuja nao kwa wingi usiohesabika kila asubuhi, na tangi halikauki wala halipoi kiasi cha kuwahitaji wageni kutoka kwenye pakiti. Mfaransa Jean-Louis Mouras alipojenga tangi lake la kuzikia maji taka karne ya 19, akalipatia hataza mwaka 1881, alishangaza watu kwa jinsi sehemu kubwa ya kinyesi ilivyogeuka maji ndani ya chombo kilichofungwa, wala hakukuwa na unga wowote wakati huo. Shirika la kulinda mazingira la Marekani, EPA, nalo halipendekezi viongezi hivi kwa mifumo ya majumbani. Kile ambacho bakteria hawa wa asili wanashindwa kukimeng'enya, kama mchanga, nywele, nyuzi za nguo na plastiki, wale wa pakiti nao watashindwa, na hicho ndicho kinachojilimbikiza mwaka baada ya mwaka hadi gari liitwe.

Zipo pia dawa nyingine zinazouzwa kwenye rafu hiyo hiyo ambazo ni mbaya zaidi ya kutofaa kitu. Zenye asidi kali au magadi makali huua bakteria waliomo na kuila zege. Zenye vimumunyisho vya mafuta huyeyusha gamba likatoka pamoja na maji, na sumu yake ikateremka hadi kwenye maji ya ardhini. Hata ile sifa ya kulainisha tope ambayo baadhi ya viongezi hujivunia inapaswa kumtisha mwenye nyumba, kwa kuwa tope lililolainishwa likaelea halijapotea popote. Limehamia kwenye udongo. Unga wangu haukuwa wa aina hizo za hatari, lakini ulinifanyia ubaya wa namna yake: ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikakaa miaka miwili nikiamini ninalitunza tangi, kumbe sijaligusa.

Mwaka wa tano dalili zikaja. Choo cha chini kilianza kububujika kila mashine ya kufulia ilipomwaga maji, sinki la jikoni likawa linateremsha polepole, kisha na sakafu ya bafu. Kama ingekuwa sinki peke yake ningemwita fundi bomba azibue. Lakini vifaa vyote vya nyumba vinapozubaa kwa pamoja, tatizo liko mbele yao wote, yaani kwenye bomba kuu, kwenye tangi au kwenye udongo.

Kampuni ya pili ilianza kunipendeza kwenye simu. Mama aliyepokea aliniuliza tumenyonya lini mara ya mwisho, tuko wangapi nyumbani, tangi lina vyumba vingapi, mifuniko iko wazi au imefukiwa, na kutoka mahali gari litakaposimama hadi kwenye tangi ni mita ngapi. Aliniuliza pia kama kulikuwa na mvua nyingi siku hizo na ardhi imejaa maji, akaeleza kwamba tangi likiachwa tupu kwenye ardhi iliyolowa sana linaweza kuinuliwa na maji yaliyolizunguka, hasa la plastiki. Maswali haya sita ninayachukua leo kama kipimo: anayekwenda kunyonya tangi bila kuuliza hata moja kati yake hajui anakwenda kufanya nini.

Walifika wawili, wamevaa mabuti, glavu na vifunika uso, wakafunua mifuniko yote miwili mikubwa na kuiacha hewa ipite kwanza. Yule mkubwa alitukataza tusiwashe kiberiti wala sigara karibu, kwa kuwa gesi ya methani inayotoka humo hushika moto, na kila alipohitaji kwenda kwenye gari alimwacha mwenzake amesimama pale au alirudisha mfuniko. Mtoto wangu mdogo alipotaka kuchungulia, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hapa hata mimi sichungulii." Na kweli hakuinamisha kichwa chake ndani hata mara moja, alitumia tochi na kioo chenye mpini. Gesi ya haidrojeni salfaidi iliyomo ndani ya matangi haya huua, na ubaya wake mkubwa ni kwamba ikizidi huipooza pua, mtu akadhani harufu imekwisha kumbe ndiyo imekuwa ya kufisha. Watu hufa kwa kumfuata mwenzao aliyeanguka. Kwa hiyo mfanyakazi yeyote anayejitolea kuingia ndani ya tangi lako kwa kamba na ndoo, hata kama ni hodari namna gani, mkatalie.

Ndipo ikaja ile fimbo. Fundi aliizungushia taulo robo tatu ya urefu wake, akaliteremsha taratibu hadi likagusa sakafu, akaliacha litulie dakika chache, akalichomoa: sentimita 62 za tope katika chumba cha kwanza. Katika chumba cha pili zilikuwa 20. Gamba alilipima kwa fimbo nyingine yenye kipande kilichopindwa mwishoni kama herufi L. Unaipenyeza, unaigeuza, unaivuta juu hadi uhisi imekwama chini ya gamba. Sentimita 14. Kwa hiyo katika kina cha sentimita 150 cha chumba cha kwanza, 76 hazikuwa maji tena, na maji taka yetu yalikuwa yanapita katika nusu ya nafasi yaliyopangiwa, kwa haraka mara mbili, bila muda wa kutulia.

Usiku huo nilikaa na karatasi yake nikapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi wangu na unga. Tope la chumba cha kwanza lilikuwa lita 820 na kitu, gamba lita 190 hivi, na tope la chumba cha pili lita 130 na kitu. Jumla zaidi kidogo ya lita 1,140. Wasanifu wa matangi haya hutumia mara nyingi kadirio la lita 40 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka. Watu sita kwa miaka mitano ni lita 1,200. Kadirio ni kadirio, wala sisemi kwamba nyumba yangu inafuata kitabu, lakini hesabu ile ilikuwa inaniambia kwamba karibu kila kilichozama tangu siku tuliyohamia kilikuwa bado kimelala pale pale, kana kwamba gari la kwanza halikuja na unga wa miezi ishirini na minne haukumiminwa. Na kwa kuwa inashauriwa kunyonya kabla tope na gamba havijafikia theluthi moja ya tangi, yaani lita 1,000 kwa langu, zamu yetu sahihi ilikuwa kila miaka minne, ndani kabisa ya ile miaka mitatu hadi mitano ambayo EPA huitaja kwa nyumba za kawaida. Tungekuwa wawili, tangi hili hili lingeweza kukaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana anayekuambia unyonye kila mwaka bila kupima anakuibia kama yule anayekuambia usinyonye kamwe.

Kunyonya kwenyewe kulichukua saa moja na dakika kumi. Mpira uliingia kupitia kwenye mifuniko, na tope lilipogoma fundi alirudisha maji kidogo kwa nguvu kulikoroga, akanyonya tena, akarudia hivyo mara tatu hadi sakafu ya zege ikaonekana. Hakuacha "mbegu" ya tope la zamani, yaani tope kidogo lenye bakteria wa kuanzia, kama wanavyosisitiza wengi. Nilipomuuliza alisema mbegu zitakuja asubuhi mtakapoamka, na alikuwa sahihi. Nilivyoviona vikitoka kwenye gamba viliniumiza moyo: vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto, vingi, vyeupe na vizima kama vilivyotoka kwenye pakiti yake iliyoandikwa kwamba vinaweza kuvutwa na maji ya choo. Vinaweza kuvutwa kweli. Haviozi.

Tangi likiwa tupu ndipo thamani ya ukaguzi ilipoonekana. Fundi alisimama akiangalia mdomo wa kutokea kwa muda, kuona kama maji yatarudi kutoka upande wa shimo la kufyonzea. Yalirudi kidogo dakika za mwanzo kisha yakakoma, naye akasema bomba limejimwaga na udongo bado unafyonza. Yangeendelea kumiminika, habari ingekuwa nyingine. Aliukagua ukuta wa katikati, akagonga zege juu ya usawa wa maji, mahali ambapo ile haidrojeni salfaidi hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfuri ikaitafuna saruji, na akanionyesha kokoto zilizoanza kujitokeza kwa kina cha nusu sentimita. Si hatari bado. Kisha tochi ikafika kwenye tii ya kutokea: mguu wake ulikuwa umekatika, kipande kimelala sakafuni. Maana yake ni kwamba kwa muda ambao hakuna awezaye kuujua, gamba lilikuwa linatoka moja kwa moja kwenda kwenye udongo, na hakuna unga wala mnyonyo wa haraka ambao ungelibaini hilo. Kwa kugundua kipande hicho cha bomba peke yake, ningekuwa tayari kulipa mara mbili ya nilicholipa.

Niliuliza mzigo unakwenda wapi. Dereva alinionyesha daftari la stakabadhi za mtambo wa kusafishia maji taka, zenye mihuri ya siku zilizotangulia. Ninamsihi kila mwenye nyumba aulize swali hili na asione aibu, kwa sababu gari linalotoka kwako na kumwaga bondeni au mtoni limebeba uchafu wako, na watakaougua ni watu wasiokujua.

Zipo kasoro, nazo nitazieleza kama zilivyo. Walichelewa saa tatu bila kupiga simu. Mpira ulipochomolewa ulidondosha tope kwenye njia ya kuingilia, na japo waliosha, niliona wametumia maji tu hadi nilipowaomba wanyunyize klorini. Hawakuwa na tii ya akiba kwenye gari, jambo linaloshangaza kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kukuta zilizovunjika, hivyo ilinibidi nimwite fundi bomba wangu siku ya pili. Lakini lililoniudhi zaidi ni la mwisho. Wakati wa kusaini karatasi, kijana mdogo alitoa kwenye kiti cha gari pakiti za unga wa bakteria akaniambia ninunue walau tatu za kuanzia. Nilimwonyesha karatasi yenye sentimita 62 iliyoandikwa na mkubwa wake. Kampuni inayojua kupima namna ile haina sababu ya kuuza kitu ambacho vipimo vyake yenyewe vinakikanusha, na niliwaandikia kuwaeleza hivyo, hawajanijibu.

Fundi bomba alipokuja kuweka tii mpya nilimwomba aweke na kichujio ndani yake, na hiki ni kifaa cha bei ndogo ambacho ninakipendekeza bila kusita. Ni silinda ya plastiki yenye matundu membamba ya milimita moja na nusu hivi, inayochomolewa kwa mpini kutoka juu. Nyuzi na vipande vinavyokimbilia nje hukwama hapo. Kinahitaji kusafishwa, nami husafisha kila baada ya miezi sita: ninavaa glavu na kuziba pua, ninakichomoa, ninakisuuza kwa mpira wa bustani juu ya chumba cha kwanza ili uchafu urudi tangini, kisha ninakirudisha na kufunga mfuniko kwa boliti. Mara ya kwanza nilikikuta kimevaa ute wa kahawia kama manyoya yaliyolowa, nao wote ungekuwa udongoni. Kikizibwa kabisa, maji ya nyumbani yatazubaa. Hilo ni usumbufu, lakini ni kengele inayolia kabla udongo haujafa.

Ndani ya nyumba tumebadilisha machache. Vile vitambaa, pedi, pamba na nyuzi za kusafishia meno vina ndoo yake yenye mfuniko; mafuta ya kukaangia yanagandishwa na kutupwa na takataka; nguo hazifuliwi zote siku moja, kwa kuwa mafurushi matano ya mfululizo hulikoroga tangi zima. Dawa za kawaida za kusafishia choo tunaendelea kuzitumia kwa kiasi, maana kijiko cha klorini hakiuangamizi mfumo kama wengi wanavyohofia. Galoni ya dawa ya kuzibulia mabomba, hiyo ndiyo tuliyoiacha. Maji ya paa yaliyokuwa yanaelekea upande wa shimo la kufyonzea tumeyahamisha, na gari haliegeshwi tena juu yake.

Lililonishangaza kuliko yote lilikuwa choo cha wageni. Niliweka rangi ya chakula kwenye tangi lake dogo la kuvutia maji, nikasubiri nusu saa bila mtu kukitumia, na bakuli likageuka jekundu. Valvu ilikuwa inavujisha utepe wa maji ambao hausikiki. Choo kibovu cha namna hiyo kinaweza kupitisha mamia ya lita kwa siku, na kwa tangi ambalo kazi yake ni kuyapa maji utulivu, uvujaji huo wa kimya ni adui kuliko mgeni yeyote anayekuja kulala.

Wiki iliyopita nilitimiza mwaka, nikachukua mti wa mita mbili, nikauzungushia taulo la zamani na kupima mwenyewe, mfuniko ukiwa umefunuliwa kwa muda na mke wangu amesimama mbali akinitazama. Chumba cha kwanza: sentimita 13 za tope. Gamba: mbili. Chumba cha pili taulo lilitoka na weusi wa sentimita nne. Kwa kuzidisha unapata lita 225 hivi, karibu sana na zile 240 za kadirio la mwaka mmoja wa watu sita, na hakuna unga ulioingia tangini katika miezi yote hiyo. Tii imesimama wima, maji yako sawasawa na mdomo wa kutokea, na sinki la jikoni linateremsha kama siku ya kwanza. Kampuni ya pili nimeipa alama nne kati ya tano na nitaiita tena. Nimewaandikia waje na tii ya akiba, na pakiti zao wazibakize ofisini.